Ada ya Usajili ni Hela ya Ufuta: Jinsi ya Kurisiti Kidato cha Sita Ukiwa Kusini

Kama uko Mtwara au Lindi na unataka kurisiti, yaani kurudia mtihani wa kidato cha sita, la kwanza ninalokuambia wala halihusu kusoma. Usisubiri hela ya korosho. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Julai, na muda wa kujisajili bila faini huisha mwishoni mwa Septemba. Mnada wa korosho unaanza Oktoba, na hadi hela iingie kwenye akaunti ya mkulima tayari ni Novemba, tena ukiwa na bahati. Mimi nilisubiri. Kila aliyeniuliza nilimjibu "korosho zikilipwa tu, najisajili." Zilipolipwa, dirisha lilikuwa limefungwa, la kawaida na la faini. Nikakaa mwaka mzima ghalani Tandahimba nikiandika uzito wa magunia ya watu wengine.

Hela inayowahi usajili ni ya ufuta. Ufuta unaingia mnadani kuanzia Juni, matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na usajili ndio huo. Mbaazi nazo zinafuata nyuma, ila ukitegemea mbaazi unacheza na tarehe. Mwaka niliojisajili ada ilikuwa shilingi 50,000, na aliyechelewa akaingia kwenye mwezi wa nyongeza alilipa 65,000. Hiyo elfu kumi na tano iweke kwa ajili ya nauli. Tarehe za mwaka wako zisome kwenye tangazo la NECTA (Baraza la Mitihani) lenyewe, usisomewe na mtu.

Sasa tuje kwenye alama.

Divisheni yangu ilichinjiwa kuku bure

Nilisoma HGK. Matokeo yangu ya kwanza yalikuwa Kiswahili D, Historia E, Jiografia S. Divisheni ya tatu, pointi 15. Nyumbani walifurahi, kuku akachinjwa. Mjomba, ambaye kwetu sisi Wamakonde neno lake ni zito kuliko la baba, akaja jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hongera. Sasa hiyo three inakupeleka chuo gani?"

Nikamwambia naangalia. Niliangalia wiki nzima, na jibu lilikuwa hainipeleki popote kwa shahada. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kuna hesabu mbili tofauti za herufi zile zile. Hesabu ya divisheni inataka namba ndogo: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya kombi yako. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Mimi 4 na 5 na 6 ni 15, hiyo hapo three yangu. Hesabu ya chuo inageuka kichwa chini: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa tuliomaliza kuanzia 2016 ni ufaulu wa masomo mawili, kuanzia E kwenda juu, yenye jumla isiyopungua pointi 4.0. S haihesabiwi kama ufaulu kamili. Mimi nilikuwa na D na E, yaani 2 na 1. Tatu. Nilipungukiwa pointi moja, na kuku alikuwa ameshaliwa.

Kwa hiyo kabla hujajisajili kaa chini na kalamu uhesabu kwa hesabu ya pili. Halafu fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa waliomaliza kidato cha sita, tafuta kozi unayoitaka, usome masomo gani inayataja. Hiyo 4.0 ni ya kuingia mlangoni tu. Kozi nyingine zinataka zaidi, nyingine zinataka somo fulani kwa jina, na anayetaka uhandisi hawezi kujificha nyuma ya Kiswahili. Unaweza pia kugundua kwamba huhitaji kurisiti kabisa. Njia ya diploma ipo, yenye GPA ya 3.0 na kuendelea inakupeleka shahada, na Chuo Kikuu Huria kina programu yake ya msingi pamoja na vituo hapa hapa Mtwara na Lindi. Rafiki yangu mmoja wa Nachingwea alichukua diploma na hajutii. Mimi nilikuwa na hasira na ile pointi moja.

Chagua somo kama mtu anayenunua

Mwaka wa kwanza wa mawazo yangu nilipanga kurudia yote matatu. Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata jirani na ghala letu aliniuliza, "Hiyo Jiografia inakuongezea nini?" Tukahesabu. Alama za kidato cha sita zinakatwa hivi: A kuanzia 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60, D kuanzia 50, E kuanzia 40, S kuanzia 35. S yangu ilikuwa kati ya 35 na 39. Kuipandisha iwe D, nilihitaji angalau alama 11, na ningekuwa nimepata D tu. Historia yangu ya E ilikuwa kati ya 40 na 49, huenda nilikosa D kwa alama moja. Kiswahili cha D kilikuwa kati ya 50 na 59. NECTA wanakupa herufi, hawakupi namba, kwa hiyo hujui ulianguka mguu wa ngazi au kileleni. Lakini masomo yaliyo juu tayari ndiyo yenye faida ukiyasukuma. Niliacha Jiografia na kujisajili masomo mawili.

Najua kuna watu wanasema rudia yote ili cheti kiwe kimoja kizuri. Kama huna kazi na huna watoto, sawa. Mimi nilikuwa na msimu wa korosho mbele yangu.

Kwa watu wa sayansi nina neno moja tu, maana si uwanja wangu: kituo. Mtahiniwa wa kujitegemea anafanyia mtihani kwenye kituo alichojisajili, namba yake inaanza na P badala ya S. Ukiwa na Kemia au Fizikia unahitaji kituo kinachokupokea na vitendo vyake, na maabara ya kushikia bureti kabla ya mtihani wa Mei. Dada mmoja wa PCB niliyekuwa naye alikuwa anatoka Newala kila Jumamosi kwa ajili ya maabara tu. Uliza hilo kabla ya kulipa, na uliza pia kituo chenyewe kinatoza nini juu ya ada ya NECTA.

Kata sampuli kwanza

Kwenye ghala, mzigo haupangiwi daraja kwa kutazamwa gunia. Mpima ubora anachota korosho kutoka magunia mbalimbali, anapima unyevu kwa mashine, anahesabu punje za kilo moja, kisha anaanza kuzikata moja moja kwa kikatio. Kwa nje zote ni korosho, rangi ile ile ya majivu. Zikikatwa ndipo unaona hii nyeupe imejaa, hii imesinyaa, hii ina doa, hii imeoza kabisa. Anazitenga mafungu, anapima, anaandika. Mkulima anasimama pembeni amekunja mikono, na hakuna anachoweza kubisha.

Nilikuwa nikimtazama yule mpima miaka miwili kabla ya kuelewa kwamba ndicho nilichotakiwa kujifanyia. Kila anayerisiti anaanza kwa kusoma upya notisi kutoka ukurasa wa kwanza, kama mtu anayepuliza moto asiojua umezimikia wapi. Usisome kitu kwanza. Jikate.

Jumapili moja ya Agosti nilijifungia ofisi ya ghala na pepa la zamani la Historia ambalo sikuwahi kuliona, saa ya simu, na ming'oko, vile viazi pori vyetu, ya kuchemsha kwenye mfuko. Maswali matano, kila moja alama 20, saa tatu. Niliandika mpaka kengele ikalia, ming'oko sikuigusa. Nikampelekea yule mwalimu pamoja na kilo moja ya korosho zilizobanguliwa, nikamwomba asinionee huruma. Alinirudishia baada ya siku nne: 8, 11, 6, 9, 4. Jumla 38. Nilikuwa nimeshuka hata kutoka E yangu.

Lakini tukaketi na kukata. Lile swali lililopata 4 halikuwa gumu, mada nilikuwa naijua vizuri kuliko zote. Nilikuwa nimelibakizia dakika kumi na mbili, nikaandika nusu ukurasa. Kwenye lililopata 6 niliulizwa athari, nikaeleza sababu, kurasa mbili na nusu za sababu nzuri kabisa zisizo na kazi. Kwenye lililopata 8 mwalimu alizungusha hoja ya tatu na hoja ya tano kwa kalamu nyekundu akaandika: pacha. Ilikuwa hoja moja niliyoivalisha nguo mbili. Kwenye lililopata 9 hoja zilikuwepo lakini hapakuwa na mfano hata mmoja, hakuna mahali, hakuna mwaka, hakuna jina. Ni swali moja tu kati ya matano ambapo kweli sikujua kitu, na cha kuchekesha ndilo lililopata 11, kwa sababu nilikuwa makini.

Piga hesabu. Lile la mwisho lingepewa muda sawa na mengine likapata 9 tu, nina 43. Hilo la athari nikilisoma vizuri likapata 10, nina 47. Sijafungua kitabu bado.

Dawa ya muda ni ya kijinga lakini hakuna aliyenifundisha miaka miwili ya shule. Dakika 180: tano za kusoma maswali na kuchagua, 33 kwa kila swali, kumi za mwisho kupitia. Dakika ya 33 ikifika unaacha mstari mahali ulipo, unaruka kurasa, unaanza jingine. Kuacha kunauma sana mwanzoni. Mimi ilinichukua karibu mwezi kuacha kujidanganya kwamba "nimalizie tu hii hoja."

Soma ripoti za wasahihishaji

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa watu waisome mara mbili. NECTA kila mwaka hutoa, somo kwa somo, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Iko kwenye tovuti yao, unapakua bure. Shuleni nilikuwa sijawahi kusikia mtu anaitaja. Humo wanachukua kila swali la mtihani, wanaeleza lilitaka nini, waliofanya vizuri walifanya nini, waliofanya vibaya waliharibu wapi, na wanaweka vielelezo: picha ya jibu lenyewe la mtahiniwa kwa mwandiko wake, zuri na baya. Nyuma kuna jedwali la mada kwa rangi, kijani kwa zilizojibiwa vizuri, njano wastani, nyekundu mbovu.

Nilipakua za miaka mitano za Historia na Kiswahili kwa bando la usiku. Nikafanya hivi: nasoma swali, nafunga simu, najibu, halafu nafungua kielelezo cha jibu baya na kulinganisha na langu. Mara nyingi tulifanana, mimi na yule bwana wa jibu baya, mpaka nikamzoea kama ndugu. Kuna maneno yanayojirudia katika ripoti ya Kiswahili kama kibwagizo: kutoelewa matakwa ya swali. Nilipoyakuta kwa mara ya ishirini nikaacha kuyaona kama lawama ya jumla, nikaanza kutenga dakika ya kwanza ya kila swali kupiga mstari chini ya neno la amri na kuandika pembeni kwa penseli: wanataka nini hapa.

Kwenye Historia kuna ugumu wa ziada, maana pepa linakuja kwa Kiingereza na wengi wetu tunawaza kwa Kiswahili, wengine kwa Kimakonde kwanza. Neno "account for" linataka sababu, mimi nilikuwa nasimulia tukio. "Assess" linataka upime, useme kilifaa wapi na kilishindwa wapi. "To what extent" ni mtego wenyewe: ukitoa upande mmoja tu umejibu nusu. Nilitengeneza orodha ya maneno kama kumi na mawili ya namna hiyo, kila moja na tafsiri yake ya kazi. Tafsiri ya kamusi sikuihitaji. Na badala ya kukariri insha nzima za watu, nilikariri mifupa ya sentensi: ya kufungua hoja, ya kuingiza mfano, ya kuunganisha na swali. Mifupa kama ishirini inatosha. Nyama unaweka mwenyewe.

Mifano iko nyuma ya nyumba

Mwalimu aliniambia hoja bila mfano ni korosho bila kiini. Shida yangu ilikuwa mifano ya vitabu inanitoka kichwani: majina ya mbali, miaka inagongana. Nikaanza kutafuta ya kwetu, na hapo nikagundua kwamba kusini tumekalia historia bila kujua.

Chukua swali ambalo watu wanalifahamu, kwa nini mapambano ya kuupinga ukoloni yalishindwa. Zamani ningeandika: Waafrika walikuwa na silaha duni kuliko wakoloni. Nukta. Hoja ya kweli, iliyokonda. Siku hizi: silaha hazikulingana, kama ilivyokuwa katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia Umatumbi, upande wa Kilwa, ambako wapiganaji waliamini maji ya dawa ya Kinjekitile Ngwale yangezuia risasi za Wajerumani. Halafu hoja inayofuata inatoka hapo hapo bila kuwa pacha: Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza kile ambacho bunduki hazikumaliza. Na ukitaka mtawala aliyekataa kabla ya hapo, yupo Machemba wa Wayao, kwenye uwanda huu huu wa Makonde, aliyewakatalia Wajerumani mwaka 1890. Mimi ninapopanda kutoka Mtwara kwenda Tandahimba napita nchi yake. Siwezi kumsahau hata nikiamshwa usiku.

Swali la kilimo cha kikoloni? Mpango wa Karanga. Waingereza walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaanza 1947, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili yake, na mwaka 1951 serikali yao ikaufuta. Reli yenyewe baadaye iling'olewa. Mfano huo mmoja unakupa mtaji, ardhi, vibarua, miundombinu ya kutoa mali nje na kushindwa kwa mpango uliofanywa bila kujua udongo na mvua. Unautumia kwenye maswali manne tofauti.

Kwa hiyo kwa kila mada nilitafuta mfano mmoja wa kusini na mmoja wa mbali. Niliandika nyuma ya karatasi za mizani zilizoharibika, hoja mbele, mfano nyuma, zikakaa mfuko wa shati.

Kiswahili si cha mama

Tunakidharau kwa sababu tunakiongea. Mimi mwenyewe ningesema nimepata D kwa bahati mbaya, mpaka nilipokata sampuli na kuona kwamba sarufi ndiyo inayonimaliza. Nitakuonyesha kwa neno moja. Changanua kitenzi "wanaopendana." Niliandika: wana ni kiambishi awali, o ni kirejeshi, pendana ni mzizi. Alama zikaenda. Kata tena taratibu: wa, kiambishi cha nafsi, na, cha wakati uliopo, o, cha urejeshi, pend, mzizi, an, cha kauli ya kutendana, a, kiishio. Vipande sita, na mimi nilikuwa nimekata vitatu. Nilijiwekea vitenzi vitano kwa siku, navitoa popote: tangazo la chama cha msingi, mahubiri, kanga ya shangazi. Baada ya wiki tatu nilikuwa nakata vitenzi vya abiria kwenye gari bila kutaka.

Fasihi ina ugonjwa wake, nao ni kueleza maisha badala ya kitabu. Ukiulizwa dhamira za mshairi, msahihishaji hataki maoni yako kuhusu rushwa nchini, anataka ubeti gani umesema hivyo. Na hakikisha vitabu unavyosoma ndivyo vilivyopangwa kwa mwaka wako wa mtihani. Anayerisiti ana hatari ya kubeba vitabu vya darasa lake la zamani.

Ratiba ya mtu anayefanya kazi

Oktoba hadi Januari usijidanganye. Msimu wa korosho unatoka nyumbani gizani, unarudi gizani, mikono inanuka utomvu. Sikuandika insha hata moja. Nilikuwa na karatasi nne tu mfukoni kila siku, nazisoma malori yakiwa foleni, jioni nazibadilisha. Hiyo tu. Walionicheka wakiniona nasoma nyuma ya karatasi ya mizani niliwaacha wacheke.

Februari kazi ikapungua, nikabadilisha kila kitu. Saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, taa ya sola, insha moja ya dakika 33, dakika zilizobaki kuilinganisha na ripoti na kuiandika upya aya moja iliyoharibika. Siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili: insha zipatazo 60. Wiki tatu za mwisho nilifanya pepa zima la saa tatu kila Jumamosi, nikiwa nimekaa kwenye kiti kigumu, bila chai, bila kuinuka. Mkono unahitaji mazoezi kama mguu wa mchezaji. Pepa la kwanza zima vidole viliganda kwenye saa ya pili.

Diskasheni ni nzuri mara moja kwa wiki na watu wasiozidi wanne. Wakizidi inakuwa kijiwe.

Na kuna hili, nalisema kwa aibu. Aprili niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp lililokuwa linauza "pepa lenyewe." Nikachanga elfu kumi. Likaja faili la maswali ya miaka ya nyuma yaliyopangwa upya, moja nilikuwa nimeshalijibu kwenye ile ofisi ya ghala. Elfu kumi si kitu. Kilichoniuma ni siku tatu nilizozipoteza nikikariri majibu yake wakati moyo unajua. Ukiona kundi la namna hiyo toka, na ujue kwamba ukikamatwa na udanganyifu unafutiwa matokeo.

Siku zenyewe

Usilale Tandahimba ukategemea kufika Mtwara asubuhi ya mtihani. Mei mvua za mwisho bado zinaweza kukuchezea njia ya Nanyamba. Mimi nilishuka siku mbili kabla, nikafikia kwa shangazi Chikongola, siku ya kwanza nikatembea hadi kituoni kwa mguu nikiangalia saa, nikajua ni dakika 25. Kalamu nyeusi au ya bluu, mbili au tatu, penseli kwa michoro. Namba ya mtihani kila ukurasa. Simu niliiacha kwa shangazi, sikutaka hata kuiweka begi.

Pepa la kwanza la Historia, swali la pili nilipofika dakika ya 33 nilikuwa katikati ya hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliiacha. Mkono ulikataa, nikaulazimisha. Nilikuja kuimalizia kwenye zile dakika kumi.

Julai matokeo yalipotoka nilikuwa ghalani, msimu wa ufuta. Mtandao ulikuwa unazunguka, nikapanda juu ya rundo la magunia kutafuta mnara. Historia C. Kiswahili B. Tatu na nne, pointi saba. Nilipoomba chuo nilijaza namba zote mbili za mtihani, ya shule inayoanza na S na ya kujitegemea inayoanza na P, na wewe usisahau ya zamani.

Nikaenda kumwambia mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama safari hii nina jina la chuo. Nikasema bado, majina yanatoka baadaye.

"Basi kuku naye atasubiri," akasema.